Kina cha Neno Geni: Utohozi na Arudhi katika Ushairi wa Kiswahili, kutoka Tambuka hadi Isiolo

1. Utangulizi

Wahakiki wa ushairi wa Kiswahili wamejadili vina kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya mjadala huo imezunguka swali moja: je, vina ni uti wa mgongo wa shairi au ni vazi lake tu? Swali hilo lilipamba moto hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974. Lipo hata hivyo swali jingine, dogo kwa sura lakini zito kihistoria, ambalo mjadala huo uliliacha kando. Neno la kigeni linapoingia katika shairi na kusimama mwishoni mwa kipande, kina chake hutoka wapi, na ni nani mwenye mamlaka ya kukithibitisha?

Makala haya yanachunguza swali hilo kwa kuzingatia zaidi maneno yaliyotoka katika Kiingereza. Mji wa Isiolo, katika Kenya ya kaskazini, umechaguliwa kuwa kitovu cha uchunguzi kwa sababu mbili. Kwanza, ni mji ambao Kiswahili chake hakikutokana na wenyeji wa pwani bali na kambi, ofisi na soko la mifugo. Kwa hiyo maneno ya Kiingereza yaliingia humo kwa njia ya amri na kazi kabla ya kuingia kwa njia ya kitabu. Pili, ni mahali ambapo arudhi ya Kiswahili imeishi bega kwa bega na jadi nyingine za ushairi zisizotegemea kina hata kidogo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mshairi wa Kiswahili halitafutii neno geni kina, bali hulipa neno hilo umbo ambalo tayari lina kina. Kwa sababu hiyo vina ni kumbukumbu ya historia, na hukumu ya kuwa shairi fulani ni guni kwa sababu ya maneno yake mageni haina budi kutazamwa upya.

2. Kina katika sheria mbili

Katika ushairi wa Kiingereza, kina kamili huanzia kwenye irabu yenye mkazo na kuendelea hadi mwisho wa neno. Sauti zote kuanzia hapo sharti zilingane. Matokeo ya sheria hiyo ni kwamba yapo maneno ya kawaida kabisa ambayo hayana wenzao. Neno month halina kina kamili. Neno orange huambiwa halina pia, na wanaopinga hulazimika kutaja sporange, ambalo ni istilahi ya wanabotania, au Blorenge, ambao ni mlima mmoja katika nchi ya Wales. Kwa silver hutajwa chilver, neno la nadra la kumwita kondoo jike mchanga. Hivyo kutafuta kina cha neno gumu kumekuwa mchezo wa miaka mingi miongoni mwa wasemaji wa lugha hiyo, na anayelipata hushangiliwa kama mtu aliyeokota kito.

Mchezo huo hauna mahali katika Kiswahili. Kwa mujibu wa kanuni alizozieleza Amri Abedi katika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na zinazofuatwa na walimu wengi, kina ni ulingano wa silabi ya mwisho ya kipande. Mkazo hauhusiki, kwa kuwa katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, yaani nje ya kina chenyewe. Aidha, takriban kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu. Silabi za mwisho zinazowezekana ni chache, na kila moja ina jamaa wengi.

Tofauti hii huonekana vizuri tukilichukua tunda lenyewe. Likiitwa chungwa, kina chake ni -ngwa, na mara moja hukutana na kundi zima la vitenzi vya kutendwa: fungwa, jengwa, pangwa, pingwa, tungwa. Hukutana hata na chungwa la pili, yaani kutendwa kwa kitenzi chunga, kama ng'ombe anavyochungwa. Neno ambalo kwa Mwingereza ni ukiwa mtupu, kwa Mswahili lina pacha wake. Ugumu haumo katika kitu kinachotajwa wala katika wazo lake; umo katika sheria inayoamua ni sehemu gani ya neno itakayohesabiwa.

3. Kabla ya Kiingereza

Itakuwa kosa kudhani kuwa tatizo la neno geni lilianza na ukoloni wa Waingereza. Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Bwana Mwengo huko Pate na ambao nakala yake ina tarehe ya mwaka 1728, ni mfano ulio bora. Jina la utendi huo latokana na Tabuk, mji wa Uarabuni. Jina lake jingine, Chuo cha Herekali, latokana na jina la Kaisari wa Urumi ya Mashariki ambaye Waarabu humwita Hiraql. Majina yote mawili huishia kwa konsonanti katika lugha yalikotoka, na la pili huishia kwa konsonanti mbili zinazofuatana. Yasingeweza kukaa mwishoni mwa kipande cha utendi yakiwa katika hali hiyo.

Yaliyotendeka hapo ni fundisho. Tabuk iliongezwa irabu ya mwisho, na ndani yake pakaingia sauti ya m, ikawa Tambuka, neno lenye mizani mitatu na kina cha -ka, ambacho ni miongoni mwa vina vyepesi kupita vyote, kwa kuwa vitenzi kama fika, toka, anguka na amka vyote humalizikia hapo. Hiraql ikafunguliwa ikawa Herekali, mizani minne kamili, nusu ya kipande cha utendi wenye mizani minane. Na kina chake cha -li kikajiunga na kweli, mbali, kali na mali. Mfalme wa ugenini alipewa jina linalotembea kwa mwendo wa Kiswahili, na tangu hapo hakuna aliyeuliza kama jina hilo ni sahihi.

Karne mbili baadaye Shaaban Robert alikabili kazi ya namna hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Utenzi wa Vita vya Uhuru, unaohusu miaka ya 1939 hadi 1945 na uliochapishwa mwaka 1967 baada ya kufa kwake, unasimulia vita vya Ulaya, Afrika na Asia katika mizani minane. Majina ya majemadari, miji na bahari za ulimwengu mzima yalipaswa kupita katika mlango huo mwembamba. Jadi aliyoirithi ilikuwa imekwisha kumwonyesha kwamba jambo hilo lawezekana.

4. Maneno ya meli, ya ofisi na ya kambi

Maneno ya Kiingereza yalipoanza kuingia kwa wingi, yalipokewa kwa kanuni ambazo hazikuandikwa na mtu lakini zilifuatwa na watu wote. Baada ya konsonanti za ufizi, irabu iliyoongezwa kwa kawaida ilikuwa i: basi, koti, shati, tiketi. Baada ya konsonanti za midomo mara nyingi ilikuwa u: pampu, kilabu. Maneno ambayo Waingereza wa kusini hutamka mwisho wake bila kusikika sauti ya r yalichukua a: Septemba, Novemba, Desemba, gavana. Jambo hili la mwisho lina thamani kwa mwanahistoria, maana laonyesha kwamba maneno hayo yalipokewa kwa sikio na si kwa jicho. Aliyeyaleta alikuwa msemaji. Maandishi yalifuata baadaye.

Kwa mshairi, kila kanuni katika hizo ilikuwa pia kanuni ya vina. Meli ya vita, ambayo mabaharia wa Kiingereza waliiita man-of-war, iligeuka manowari na kuangukia kina cha -ri pamoja na bahari, safari, habari na hatari, maneno ambayo utungo wowote wa bahari hauwezi kuyakosa. Gavana aliangukia -na, akawa jirani wa bwana na mchana, na pia wa vitenzi vyote vya kutendana: pigana, kosana, patana. Miezi mitatu ya mwisho wa mwaka wa Kizungu isiyo Oktoba ilipata kina cha -mba, ikaketi pamoja na shamba, nyumba, mwamba na omba.

Jeshi nalo lilikuwa na maneno yake. Kikosi cha King's African Rifles kilifupishwa kwa herufi tatu za Kiingereza, nazo zikaunganishwa katika matamshi zikawa neno moja, Keya. Sajini alipoteza konsonanti ya mwisho ya neno la asili na kupata -ni. Koplo alibaki na -lo. Kiswahili cha kambini kilidharauliwa na wataalamu wa lugha kwa sababu ya sarufi yake iliyovunjika. Lakini kwa upande wa sauti kilifanya kazi ile ile iliyofanywa na Bwana Mwengo, na kwa kanuni zile zile: kilifungua silabi zilizofungwa na kulipa kila neno mwisho unaosikika.

5. Isiolo: kina cha -lo na kina cha -ni

Isiolo ilikuwa lango kati ya nyanda za juu za walowezi na eneo kubwa lililoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wasomali waliokuwa askari wa Waingereza, pamoja na jamaa zao, walipewa makao huko. Waborana wa Waso, Wasamburu, Waturkana na Wameru walikutana nao katika soko na ofisi. Sheria za maeneo yaliyofungwa, kuanzia ile ya mwaka 1902 hadi ile ya 1934, zilidhibiti kuingia na kutoka kwa watu katika wilaya za kaskazini. Mifugo nayo ilizuiliwa karantini ili magonjwa kama homa ya mapafu ya ng'ombe yasivuke hadi kwa mifugo ya walowezi. Wakati wa Vita vya Pili, baada ya Waitaliano kuitwaa Moyale mwezi wa Julai 1940, barabara ya kaskazini ikawa njia ya majeshi.

Katika mazingira hayo neno la Kiingereza quarantine halikuwa neno la kitabu. Lilikuwa boma, mlinzi, daktari wa mifugo na siku za kungoja. Katika Kiswahili limekuwa karantini, na hapo pana jambo linalostahili kusimamiwa. Silabi ya -ni iliyomo katika neno hilo ni bahati ya matamshi ya Kiingereza tu. Lakini sikio la Mswahili haliwezi kuisikia bila kukumbuka -ni ya mahali: nyumbani, njiani, kisimani, malishoni. Neno lililoletwa kuwa jina la amri lilisikika kana kwamba ni jina la mahali, na kwa hakika mfugaji aliliishi kama mahali. Kina kilitangulia kueleza maana ambayo sheria haikuieleza.

Jina la mji wenyewe lina tabia tofauti. Isiolo ina mizani minne na kina cha -lo. Nomino za Kiswahili zenye mwisho huo ni chache; mtu akitaja kilo na koplo, karibu amezimaliza zile za matumizi ya kila siku. Msaada hutoka katika sarufi. Kirejeshi cha -lo cha ngeli ya tano humpa mshairi vina bila kikomo: jeshi lipitalo, soko lifungwalo, neno lisemwalo, jambo ajualo. Hii ina maana kwamba anayeufanya mji huu kuwa kina huvutwa na lugha yenyewe kuelekea vitu vya ngeli hiyo, na kwa Isiolo vitu hivyo si vigeni. Soko, jeshi, lango na jina ndivyo vilivyoujenga mji.

Isiolo na karantini, kila moja ikiwa na mizani minne, hukamilisha kipande kimoja cha utenzi zikiwekwa pamoja. Ubeti ufuatao umetungwa hapa kwa ajili ya kuonyesha umbo tu, na haudai zaidi ya hapo:

Ng'ombe watoka nyikani
Wakafika karantini
Wachungaji wa njiani
Wangojea Isiolo

Vina vitatu vya -ni vinafuatwa na bahari ya -lo kama kanuni ya utenzi inavyotaka. Neno la Kiingereza limesimama katikati ya nyika na njia, na msomaji asiyejua asili yake hatalitambua kuwa geni.

6. Silabi ya mwisho ni ipi?

Ugumu halisi huanza pale neno geni linapoleta konsonanti mbili zisizozoeleka. Maneno kama soksi, teksi, benki na shifta yana kina gani? Ikiwa soksi hukatwa so-ksi, basi kina chake ni -ksi, na jamaa zake ni teksi, boksi, nuksi na wengine wachache. Ikiwa hukatwa sok-si, basi kina ni -si, na mlango umefunguliwa kwa nafasi, upesi, kiasi na mamia mengine. Mwalimu mmoja ataona ubeti umetimia, mwingine atauita guni, na wote wawili watadai kufuata kanuni ile ile ya silabi ya mwisho.

Jadi yenyewe yatoa jibu. Mfuatano wa mb, nd, ng, nj na nz umo katika maneno ya asili ya Kibantu na huhesabiwa kuwa mwanzo mmoja wa silabi. Kwa hiyo Desemba haina kina na sababa au taba. Lakini maneno kama elfu, askari, daftari na maskini, yaliyotoka katika Kiarabu, yamekuwa katika ushairi kwa karne nyingi, na konsonanti ya kwanza katika kila mfuatano hutazamwa kuwa ni mkia wa silabi iliyotangulia. Pale mshairi alipotaka mizani zaidi alitumia mazda, maskini akawa masikini. Pale alipotaka kupunguza alitumia inkisari. Kama elfu ina haki ya kuwa na kina cha -fu, hapana sababu ya kiisimu ya kuinyima benki kina cha -ki au koplo kina cha -lo. Tofauti pekee ni umri wa neno katika lugha.

Lipo pingamizi moja la haki kutoka pwani. Kimvita na Kiamu hutofautisha t ya meno na t ya ufizi, tofauti ambayo hati za Kilatini zinazotumika kwa kawaida huificha. Sikio lililolelewa huko laweza kusikia dosari ambapo msomaji wa bara hasikii kitu. Hiyo ni hoja ya sauti na inastahili heshima. Isichanganywe na hoja nyingine, isiyo ya sauti, inayosema kwamba neno la kambini halifai kuwa kina kwa kuwa limetoka kambini.

Neno shifta linadhihirisha kwa nini jambo hili si la kiufundi tupu. Neno hilo, lenye asili katika lugha za Ethiopia, lilitumiwa na serikali ya Kenya kuwataja waliopigania kujiunga na Somalia katika miaka ya 1963 hadi 1967, na maana yake iliyokusudiwa ilikuwa mnyang'anyi. Likikatwa shif-ta, kina chake ni -ta, na neno la kwanza linalokuja ulimini ni vita. Wepesi huo una hatari yake. Kina chepesi hulifanya jina lisikike kana kwamba ni la haki, na wakazi wengi wa kaskazini ambao hawakushika bunduki waliitwa kwa jina hilo. Mhakiki anayeridhika kuhesabu kwamba vina vimetimia amefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuliza neno hilo lilitolewa na nani, na lilipewa nani.

7. Jirani mwenye sheria nyingine

Isiolo ina jambo jingine ambalo wahakiki wa pwani hawakulazimika kulifikiria. Ushairi wa Kisomali haujengwi juu ya vina vya mwisho. Katika gabay, utungo ulioheshimiwa kupita aina nyingine na ambao Sayyid Mohamed Abdille Hassan, aliyefariki mwaka 1920, alipata kuwa bingwa wake, kila nusu ya mshororo sharti iwe na neno linaloanza kwa sauti moja iliyochaguliwa tangu mwanzo hadi mwisho wa shairi. Irabu zote huhesabiwa kuwa sauti moja kwa kusudi hilo.

Kwa sikio lililolelewa na gabay, neno geni hupimwa kwa kichwa na si kwa mkia. Karantini huhesabiwa kwa k yake. Isiolo, inayoanza kwa irabu, hupatana na kila neno linaloanza kwa irabu yoyote, na kwa hiyo jina ambalo ni adimu katika vina vya Kiswahili ni jepesi katika sheria ya Kisomali. Mji mmoja, jina moja, mizani mbili za thamani. Kila jadi ina maneno yake yatima. Month wa Mwingereza si yatima kwa wote.

Hali hii ilipata uzito mpya baada ya mwaka 1985, mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipokifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Wanafunzi wa Isiolo walianza kufundishwa vina, mizani, inkisari, mazda, tabdila na utohozi kwa istilahi zile zile zilizotumika Mombasa. Kwa wale ambao nyumbani walisikia gabay, kina kilikuwa sheria ya pili kujifunza, si hewa waliyozaliwa ndani yake. Mtihani uliwadai utii kwa arudhi moja bila kutaja kwamba ziko nyingine.

8. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba swali la kina cha neno geni ni swali la historia. Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi, katika Kunga za Ushairi mwaka 1979, walitetea uhuru wa kuandika bila vina, na Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu mwaka 1988, alitetea jadi na misingi yake. Pande zote mbili zilizungumzia kina kama sheria ya kufuatwa au kuachwa. Ushahidi uliotolewa hapa waelekeza kwingine: kina ni mahali ambapo lugha huweka alama ya jinsi ilivyokutana na wengine. Tambuka ina alama ya Pate, manowari ina alama ya meli, karantini ina alama ya boma la mifugo.

Kutokana na hayo, yafuatayo yanaweza kupendekezwa kwa wahakiki na walimu. Silabi za maneno ya Kiingereza zipimwe kwa kanuni iliyotumika kwa maneno ya Kiarabu, wala zisiwekewe kanuni ngumu zaidi kwa sababu ya asili yake. Neno guni litumike kwa kosa la sauti tu, lisitumike kwa ugeni wa msamiati. Na mashairi kutoka miji kama Isiolo yasomwe kwa masikio mawili, moja la mwisho wa neno na moja la mwanzo wake, kwa kuwa mtunzi wake huenda alikuwa akitii sheria mbili kwa wakati mmoja. Wakazi wa mji huo waliishi muda mrefu chini ya sheria zilizowataka waonyeshe kibali ili wapite. Si haki maneno yao nayo yaombwe kibali katika ushairi, hali yamekwisha kutimiza kila sharti ambalo Herekali alitimiza.